Mama wa butiki na RNN: kusoma ni kubeba madeni

Hapa kwetu Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuko mama mmoja wa butiki hana kaye ya madeni. Unafika asubuhi unachukua sabuni na mkate, unamwambia "mama, nitapita jioni", anaitika tu, haandiki fasi yoyote. Mchana wanakuja wengine, huyu anachukua mafuta ya chupa ndogo, yule unite za telefone, mwingine analipa nusu na nusu anaiacha, halafu motari anasimama mlangoni bila kuzima piki anadai chenji yake ya jana, na mama anaendelea kupima unga kama vile hakuna kitu. Jioni ukipita anajua yako. Siyo eti anajua yote. Muulize nani aliingia saa nne na alikuwa amevaa nini, atakuangalia kama mtu aliyelala vibaya. Aliyelipa palepale amekwisha kumsahau, ju huyo hana habari naye tena. Kichwani mwake mnabaki wale tu ambao mambo yao hayajaisha.

Nimemuanza yeye makusudi, ju wiki jana tulikaa kwenye benchi yake na kadogo mmoja anasoma informatike, akaniuliza swali ambalo vijana wengi wanaliuliza siku hizi: "Yaya (yaani mkubwa wangu), zile programu za kompyuta zinazoandika zenyewe kama mtu ziko na sarufi kichwani ao zinakariri tu kama kasuku?" Nikamwambia hapana kwa yote mbili, akacheka, alifikiri nakwepa. Sikuwa nakwepa. Na nataka kulieleza leo kwa njia ya mashini ya zamani kidogo, mtandao wa neva wenye kujirudia (mtandao wa neva ni programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano), ule wataalamu wanaita RNN, ju ndani ya ule mambo yanaonekana kwa macho kuliko ndani ya haya madubwana ya sasa ambayo kila mtu anayazungumzia.

RNN inasoma neno moja moja, ao herufi moja moja ukitaka. Neno likiingia, linachanganywa na hali ambayo mashini ilikuwa nayo, inatoka hali mpya, na ile hali mpya njo inakutana na neno linalofuata. Hali yenyewe ni mstari wa namba tu, tuseme namba 100 ao 200, mara nyingi kila moja iko kati ya -1 na 1. Hakuna kabati nyuma. Sentensi ikishapita imepita, na kama mashini inataka kukumbuka kitu cha mwanzo lazima kiwe kimebaki ndani ya zile namba, la sivyo kimekwenda. Hesabu ya kuchanganya nayo ni ileile kwa neno la kwanza na kwa neno la mia, mama hana akili ya asubuhi na akili ingine ya jioni. Kazi ambayo mashini inapewa ni moja: kisia kinachofuata. Ikikosa, kosa linarudishwa nyuma hatua kwa hatua na vile vipimo vya ndani, yaani namba za ile hesabu ya kuchanganya, vinasogezwa kidogo, kidogo sana, mara maelfu na maelfu.

Ukiisikia hivyo unaona ni kazi ya kijinga. Kukisia neno linalofuata, ndiyo sarufi hiyo?

Mwaka 1990 Jeffrey Elman, mtu wa chuo kikuu cha California kule San Diego, alitoa makala ambayo mimi naona mpaka leo inafaa kusomwa kabla ya makala zingine zote za jambo hili. Alichukua mtandao mdogo, akaulisha herufi zimefuatana bila nafasi kati ya maneno, kazi yake kukisia herufi inayofuata. Kumbe kosa lilikuwa linapanda mwanzoni mwa neno na kushuka kadiri neno linavyoendelea. Fikiria kwa Kiswahili: ukisikia "mwanaf" tayari karibu unajua mwisho, lakini "mwanafunzi" ikishaisha haujui tena nini kinakuja, inaweza kuwa "alikuja", inaweza kuwa "wa", inaweza kuwa chochote. Donke ile mipaka ya maneno, ambayo hakuna aliyeiweka, inajichora yenyewe kwenye mchoro wa makosa kama milima na mabonde.

Halafu akafanya jaribio la pili: maneno 29, sentensi fupi 10,000 za maneno mawili matatu, zote zimeungwa bila nukta. Mashini haikuambiwa hili ni jina na hili ni kitenzi, kila neno lilipewa kama alama tu isiyofanana na lingine. Baada ya kujifunza akazichungulia zile namba za ndani, akazipanga kwa kufanana, na akakuta vitenzi vimekaa upande wao, majina upande wao, na ndani ya majina vyenye uhai vimejitenga na visivyo na uhai. Ju gani? Ju ukitaka kukisia vizuri kinachofuata baada ya "mwanamke" na baada ya "mwamba" lazima uwaweke mafungu tofauti, mmoja anaweza kula, mwingine hawezi. Hakuna siri zaidi ya ile. Fungu la maneno ni kitu kilichozaliwa na hamu ya kutokosea kesho.

Hapo njo pale ninapoachana na wale wa "kasuku" na wale wa "sarufi kichwani". Kasuku anabeba sauti. Mwalimu wa sarufi anabeba kanuni. RNN inabeba madeni. Neno likitamkwa linafungua deni ambalo neno fulani mbele litakuja kulilipa, na kusoma vizuri maana yake ni kujua madeni gani yako wazi sasa hivi, lipi limelipwa, na lipi halikuwa deni tangu mwanzo.

Chukua sentensi hii ya Kiswahili sanifu, ile ya shuleni: "Funguo za nyumba ya mzee wa mtaa wetu zimepotea." Ukisema "funguo" umefungua deni la zi-, kule mbele kuna kitenzi kitakuja kuanza na zi-. Lakini kabla ya kufika pale unakutana na nyumba, ambayo ingedai i-, unakutana na mzee, huyu angedai a-, unakutana na mtaa, ule ungedai u-. Wote watatu wako karibu na kitenzi kuliko funguo. Mashini yenye kuangalia jirani tu ingeandika "umepotea" na kujisifu. Ile iliyobeba deni sawasawa itaruka wote watatu na kuandika "zimepotea".

Jaribio la namna hii limefanywa kwa Kingereza. Mwaka 2016 Tal Linzen, Emmanuel Dupoux na Yoav Goldberg walichukua sentensi za Wikipedia wakapima kama RNN za aina ya LSTM (nakuja kwa hiyo LSTM, subiri kidogo) zinaweza kukisia kama kitenzi ni cha umoja ao cha wingi. Zilipofundishwa kwa kazi ileile tu, makosa yalikuwa chini ya asilimia 1 kwa jumla, ila yalipanda kila majina ya kupotosha yalipoongezeka katikati. Na zilipofundishwa kukisia neno linalofuata tu, bila kuambiwa angalia umoja na wingi, zilikuwa dhaifu zaidi. Wengi wakasema basi, tumeona, bila mwalimu haiwezi. Miaka miwili baadaye Kristina Gulordava na wenzake wakarudia kwa Kitaliano, Kingereza, Kiebrania na Kirusi, mashini imefundishwa vizuri zaidi, tena wakatumia hata sentensi za upuuzi ambazo maana yake haisaidii kitu, na kukisia kwenyewe kukatosha kufika mbali sana. Mimi hapo nimejifunza kutokimbilia kusema "haiwezi" ju tu ya jaribio moja.

Mwaka 2019 kikundi cha Yair Lakretz kikapasua mashini kama ile kuona deni linakaa wapi. Seli zake za ndani zilikuwa 1,300. Wakakuta 2 tu njo zinabeba kazi ya mbali, moja inashika umoja, ingine inashika wingi, na ukizima moja, upande wake unapotea kwenye sentensi ndefu. Mbili kati ya 1,300! Zile zingine zinafanya kazi za karibu karibu na mambo mengine. Ni kama uambiwe butiki nzima, na mizigo yake yote, lakini madeni makubwa mama ameyafunga kwenye pembe mbili za kitenge.

Sasa jiulize Kiswahili. Kingereza kinauliza swali moja tu, mmoja ao wengi. Sisi nikihesabu viambishi vya kiima vya nafsi ya tatu, a-, wa-, u-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku-, pa-, mu-, napata 12. Pembe mbili za kitenge hazitoshi. Na siyo kitenzi tu, ngeli ileile inadaiwa na "-le", na "-angu", na "-zuri", na kirejeshi cha ndani ya kitenzi, yaani deni moja linalipwa kidogokidogo fasi nyingi, na kila malipo yanamkumbusha msomaji kwamba deni bado liko. "Funguo zile zangu mpya zilizopotea." Zi-, z-, zi-zo-. Kwa mashini hiyo ni zawadi kubwa: Kingereza kinakuacha ubebe kimya kimya kwa njia ndefu, Kiswahili sanifu kinakupigia kengele njiani.

Jambo moja tena wapimaji wakitaka kutupima: wasitumie wanyama. Nimeona mtu anapima mashini kwa sentensi za simba na paka na mbwa, anafurahi imepata zote. Bila shaka itapata, ju wanyama wote wanachukua a- na wa-, hata ikisahau ni nani aliyeanza sentensi, a- yake itakuwa sawa. Umepima nini hapo? Pima kwa funguo, kwa vikombe, kwa magodoro, kwa nyuzi.

Bon, sasa ugonjwa wake. RNN ya kawaida, ile ya Elman, inajua kubeba deni la karibu, la mbali linamtoka. Na sababu siyo kwamba kichwa ni kidogo tu, sababu iko kwenye kufundishwa. Kosa likitokea neno la 51 na sababu yake iko neno la kwanza, ujumbe wa "ulikosea kule" lazima urudi hatua 50 nyuma, na kila hatua unazidishwa na kitu. Tuseme unazidishwa na 0.9. Baada ya hatua 50 umebaki kama 0.005, nusu ya asilimia moja, hakuna anayesikia. Tuseme ni 1.1, hatua 50 umekuwa kama 117, sasa unapiga kelele mpaka unavunja kila kitu. Kukaa katikati palepale kwenye 1 ni kama kutembea juu ya kamba. Sepp Hochreiter alilieleza hili mwaka 1991 kwenye kazi yake ya kumaliza masomo kule Munich, Yoshua Bengio na wenzake wakaliandika kwa nguvu mwaka 1994, na mwaka 1997 Hochreiter na Jürgen Schmidhuber wakaleta LSTM.

LSTM wakati mwingine inaelezwa kwa michoro yenye mishale inayoumiza macho, lakini wazo lenyewe mama wa butiki analo. Unaweka kumbukumbu kwenye mstari wake wa pembeni ambao hauchanganywi upya kila neno linapoingia, kinaongezwa tu kitu ao kinaachwa vile kilivyo. Kwa hiyo ujumbe wa kosa unaporudi nyuma kwenye ule mstari haupunguzwi kila hatua. Halafu unaweka vilango. Kimoja kinaamua kipi kiingie kwenye kumbukumbu: mtu kasema "habari za asubuhi", usiandike, mtu kasema "nitalipa kesho", andika. Kimoja kinaamua kipi kitolewe kwa matumizi ya sasa hivi: madeni ya wote yako pale lakini aliyesimama mbele yako ni mmoja. Na vilango vyenyewe siyo ndiyo ao hapana, ni namba kati ya 0 na 1, kinaweza kufunguka 0.3, na ni mashini yenyewe inajifunza lini ifungue na kwa kiasi gani.

Ila kitu ambacho wengi hawajui, na mimi nakipenda sana, ni kwamba LSTM ya 1997 haikuwa na kilango cha kufuta. Ilikuwa mama anayeandika madeni na hawezi kumfuta aliyelipa. Kwa sentensi moja moja zenye mwanzo na mwisho ilienda vizuri, lakini ukiipa mfululizo usiokatika kumbukumbu inajaa na kujaa mpaka zile namba hazina maana tena. Felix Gers, Schmidhuber na Fred Cummins njo waliongeza kilango cha kusahau, mwaka 2000. Miaka mitatu kugundua kwamba kukumbuka bila kusahau hakusaidii! Siku hizi ukifungua programu yoyote yenye LSTM kile kilango kimo, na watu wanafikiri kilikuwamo tangu siku ya kwanza. Mwaka 2014 kikundi cha Kyunghyun Cho kikaja na GRU, ambayo imepunguza vilango, ni nyepesi, na kwa kazi nyingi inatosha.

Mpaka hapa nimeongelea deni moja linaloruka mbali. Ugumu wa kweli ni madeni yaliyo ndani ya madeni. Nenda bandarini hapa Bukavu uangalie wabebaji wakipakia boti inayopita kisiwa cha Idjwi halafu inaendelea Goma. Mzigo wa Goma unaingia kwanza, unaenda chini kabisa, wa Idjwi juu yake, ju wa Idjwi njo utatoka kwanza. Ukikosea kupanga, kule Idjwi mnashusha boti nzima na watu wanatukanana. Lugha nayo iko hivyo, deni lililofunguliwa mwisho linalipwa kwanza. Jaribu hii: "Panya ambaye paka ambaye mbwa alimfukuza alimla alikuwa mnono." Umeisoma mara ngapi? Mbwa njo alifukuza, paka njo alikula, panya njo alikuwa mnono, vitenzi vinatoka kwa kinyume cha vile majina yalivyoingia. Ni Kiswahili halali na hakuna mtu anasema vile. Tunasema "panya aliyeliwa na paka aliyefukuzwa na mbwa alikuwa mnono", yaani lugha imetupa kirejeshi cha ndani ya kitenzi pamoja na -liwa na -fukuzwa ili kila deni lilipwe palepale, libaki moja tu la panya. Wasemaji wa Kiswahili wamejipunguzia mzigo karne nyingi kabla mtu yeyote hajaandika mstari wa programu.

RNN inafanya nini na rundo kama lile la boti? Wataalamu wanaipima kwa michezo ya herufi: andika a mara kadhaa halafu b mara ileile, a tatu b tatu, a kumi b kumi. Hapo hauwezi kukariri, lazima uhesabu. Gers na Schmidhuber walionyesha mwaka 2001 kwamba LSTM inaweza, na hata a, b na c kwa idadi sawa, na inaendelea kupata hata idadi kubwa kuliko zile ilizofundishwa. Mwaka 2018 Gail Weiss, Goldberg na Eran Yahav wakaeleza kwa nini: ule mstari wa pembeni wa LSTM unaweza kupanda moja moja na kushuka moja moja kama mtu anayehesabu mironko ya maharagwe, na GRU haiwezi kwa sababu hali yake imefungiwa kati ya -1 na 1, nafasi ya kupanda haiko.

Lakini kuhesabu siyo kupanga boti. Anayehesabu anajua kuna mizigo mitano ndani, hajui ule wa juu ni wa nani. Kwa mabano ya aina moja, ( na ) tu, kuhesabu kunatosha, kwa mabano ya aina mbili tatu yaliyo ndani ya mengine unahitaji rundo lenyewe, na hapo RNN zinaonyesha uchovu: zinapata kina (yaani madeni mangapi yako ndani ya mengine) ambacho zimekiona, zinaanza kuyumba kina kikiongezeka. Kuna watu wakisikia hivi wanakutolea Hava Siegelmann na Eduardo Sontag, ambao kwenye miaka ya 1990 walithibitisha kwa hesabu kwamba RNN inaweza kufanya chochote ambacho kompyuta yoyote inaweza. Ni kweli, uthibitisho uko. Ila unadai namba zenye usahihi usio na mwisho na muda usio na kikomo, na uthibitisho kwamba mashini fulani ipo siyo uthibitisho kwamba mashini yako itafika pale kwa kujifunza. Mimi hii hoja nimeacha kuisikiliza kwenye mabishano ya benchi. Ni kama mtu akuambie kichwa cha mama kinaweza kubeba madeni ya Bukavu nzima, akipewa umilele.

Na kwa kweli udhaifu wenyewe haunisumbui sana, ju ni udhaifu wetu. Sentensi ya panya, paka na mbwa imekushinda na wewe. Kinachonisumbua ni mtu anayeona mashini imepata sentensi za kina kimoja anatangaza imejua sarufi, ao ameona imeanguka kwenye kina cha nne anatangaza haijui kitu. Zote mbili ni uvivu.

Kuhusu kama mashini ifundishwe kwanza sentensi rahisi ndipo ngumu, Elman alisema mwaka 1993 kwamba yake ilishindwa kuanza na ngumu na ilifaulu ilipoanza na kidogo, kama mtoto. Wazo tamu, kila mzazi analipenda. Mwaka 1999 Douglas Rohde na David Plaut wakajaribu wakasema hapana, kuanza kidogo hakuhitajiki na kunaweza hata kudhuru. Tuiache hapo.

Sasa nije kwenye kile kilichoniumiza kichwa tangu ile siku ya benchi. Mifano yote niliyotoa ya zi- na ki- na vi- ni ya Kiswahili cha kitabu. Hapa Bukavu nani anasema hivyo sokoni? Sisi tunasema "kitabu ile iko wapi", "viatu yangu iko mubaya", "funguo iko wapi". Mtu wa Zanzibar akisikia anashika kichwa. Lakini kwa macho ya RNN maana yake ni hesabu tu: kama "kitabu" na "funguo" na "mtaa" zote mbele zinalipwa kwa "ile" na "iko", basi hakuna deni la ngeli la kubeba, na mashini itaacha kulibeba, ju inabeba tu kile kinachodaiwa. Ukiilisha meseji zetu halafu ukaipima kwa funguo zimepotea, itaanguka, na ripoti itaandikwa kwamba mashini haijui ngeli. Imejua vizuri sana. Imejua kwamba hapa hazidaiwi.

Tena usifikiri kwetu hakuna madeni. Angalia vile tunachanganya Kifaransa. Tunasema "nilikomanse" (nilianza), "tutadeside" (tutaamua), "wameshanje" (wamebadilika), kitenzi cha Kifaransa kimevaa viambishi vya Kiswahili, kwanza kiambishi cha nafsi, halafu cha wakati, halafu kitenzi. Hauwezi kusikia mtu amefanya kinyume, akaweka "je" ya Kifaransa (mimi) mbele ya "enda". Yaani ukishasema "tuta-" umefungua deni la kitenzi, lugha ya kitenzi iko huru, lakini lazima kije. Huo ni mpangilio mkali, hauko kwenye kitabu chochote cha shule, na RNN ingeuona bila kuambiwa vile ile ya Elman iliona vyenye uhai. Watu wanaokusanya maandishi ya Kiswahili kwa ajili ya mashini wana tabia ya kusafisha, wanatoa Kifaransa, wananyoosha "iko" kuwa "ziko", wanatupa meseji zenye Lingala. Kwa maoni yangu hapo wanatupa mchele wanabaki na pumba. Wachanganye Kiswahili cha gazeti na chetu vyote viwili, mashini itabeba deni moja zaidi, lile la "niko ndani ya Kiswahili kipi sasa hivi", na hilo LSTM inaliweza, ni namba chache tu zinazobadilika polepole.

Kadogo aliniuliza pia kwa nini nijisumbue na RNN wakati dunia imehamia kwenye transfoma, aina ingine ya mtandao wa neva iliyo ndani ya yale madubwana ya sasa, tangu 2017. Swali la haki. RNN za kutafsiri za 2014 zilikuwa zinabana sentensi nzima ndani ya vekta moja, yaani mstari mmoja wa namba, halafu zinaifungua kwa lugha ingine. Ilya Sutskever na wenzake walikuta hata kugeuza sentensi inayotafsiriwa isomwe kinyumenyume kunasaidia, ujue vile kubeba mbali kulikuwa kunaumiza. Ndipo kikundi cha Dzmitry Bahdanau kikaruhusu mashini igeuke nyuma kuangalia maneno yenyewe, na transfoma ikachukua wazo lile ikatupa kujirudia kabisa. Transfoma ni mama mwenye kamera ya siku nzima: hasahau kitu ju anarudia kuangalia kila kitu kwa kila mteja, na gharama ya kuangalia inapanda kwa mraba wa urefu. RNN inabaki na mstari wake uleule wa namba hata ukisoma maneno 10,000. Njo maana wazo la kujirudia halijafa, limerudi kwenye mitandao kama Mamba ya 2023. Na njo maana mtu mwenye laptop ya kawaida na umeme wa kubahatisha bado anaweza kufundisha RNN ndogo nyumbani.

Nami nilifanya hivyo, laptop ya kuze (binamu) yangu, LSTM ya herufi, meseji zangu mwenyewe. Usiku wa kwanza umeme ulikatika na sikuwa nimehifadhi kitu, kosa langu. Usiku wa pili ikafika. Kwanza ilijifunza kwamba baada ya konsonanti inakuja irabu, halafu nafasi, halafu "niko" na "sawa" na "unite", halafu ikaanza kuweka "tuta-" na kitu kinachofanana na kitenzi nyuma yake, mara nyingine kitenzi ambacho hakiko katika lugha yoyote, lakini kilikuwa fasi yake.

Tulipokuwa pale kwenye benchi niliifungua, nikamwachia kadogo aandike mwanzo. Akaandika "Funguo za butiki ya mama", kwa kunijaribu. Mashini ikaongeza "iko wapi". Akapiga makofi, "Yaya, umeona, imekosea, ilipaswa kuwa ziko!" Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mama alikuwa ameshusha mlango wa chuma nusu, anapapasa mfukoni mwa kitenge, akamgeukia binti yake: "Mbona siioni, funguo iko wapi?"